Oilsili ya pinioni kwenye Hilux ya zamani: nimefanyiwa mara mbili, hizi ndizo tofauti nilizoona

Gari yangu ni Hilux ya dizeli ya 1994, injini ya 3L, nabebea vitunguu na kabichi kutoka Mbale kuja Busia na wakati wa viazi napanda nayo mpaka Kapchorwa. Ndiyo inayolipa karo za watoto wangu, kwa hiyo ikianza kuvuja popote silali vizuri.

Aliyeona kwanza ni kijana anayeniosheaga gari, akaniita, boss njoo uangalie huku chini kuna mafuta. Nikaingia chini nikakuta pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, imelowa na juu yake kwenye bodi kuna mstari wa oili umepanda kama mtu amepiga brashi. Huo mstari ndio unakwambia ni sili ya pinioni, ile pete ya mpira inayozuia oili pale gia ya pinioni inapotokea kwenye pua ya difu, sababu flenji, yaani sahani ya chuma inayounga pinioni na propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi), ikizunguka inarusha oili juu, lakini ingekuwa sili ya ekseli ya pembeni ungekuta imelowa breki na tairi kwa ndani.

Mara ya kwanza nilipeleka gereji moja hapa karibu, jina naliacha. Walifanya haraka sana, saa moja tu wamemaliza, na mimi nilifurahi kumbe nafurahia maumivu. Walifungua propela bila kuweka alama yoyote, nati ya pinioni wakaitoa kwa patasi na nyundo, wakapiga sili ya shilingi 15,000 za Uganda ya duka la jirani, halafu wakachomeka bomba refu kwenye spana wakakaza watu wawili mpaka nati ikagoma. Nikalipa 30,000 ya kazi nikaenda. Wiki ya tatu oili imerudi, na sasa nikiachia mafuta nikiwa kwenye 60 hivi nasikia difu inalia wiii, nikisimama nikigusa pua ya difu mkono haukai kwa joto.

Hapo ndipo dereva mwenzangu wa lori akanielekeza kwa mzee mmoja Tororo, fundi wa difu na gia boksi tu, kazi nyingine hachukui. Mzee alinyanyua nyuma akaweka stendi, akapiga alama kwenye flenji zote mbili kabla ya kufungua propela, halafu akashika flenji ya pinioni akaizungusha kwa mkono. Akaniangalia. "Mwanangu, nani alifunga hii nati?" Nikamwambia mzee ni vijana fulani, akatikisa kichwa akaniita na mimi nizungushe, ilikuwa nzito kama imeshikwa na kitu.

Akanieleza vizuri na hii naomba kila mwenye pikapu kuukuu aielewe. Ndani ya difu kama yangu, katikati ya beringi mbili za pinioni, kuna kabushi kembamba ka chuma kalikotengenezwa kubonyea, ukikaza nati kanabonyea kidogo na hicho ndicho kinashikilia beringi kwa nguvu inayotakiwa. Ukikaza kupita kiasi kamebonyea basi, hakarudi, hata ulegeze nati haisaidii, utalazimika kukabadilisha. Nati ikiwa imelegea nayo mbaya, pinioni inacheza na meno yanakulana. Ndiyo maana kama unabadilisha sili peke yake unaweka alama nati ilipokuwa imekaa, unairudisha palepale na kuongeza kidogo tu, siyo kukazia bomba!

Mzee haweki spea, unatafuta mwenyewe, hilo lilinichosha kidogo. Nikapanda basi mpaka Kampala pale Kisekka, soko la spea, na sili ya zamani mfukoni, nalinganisha vipimo vilivyochongwa usoni mwake. Kuna za bei rahisi mdomo wake mgumu ukibonyeza na kidole, na kuna original mdomo laini, kaspringi kamekaa vizuri kwa nyuma. Nilichukua original 40,000, bushi na nati mpya 35,000, oili ya difu namba 90 ile iliyoandikwa GL-5 lita tatu 60,000, ikabaki kidogo.

Kesho yake akavuta beringi ya mbele kwa pula, akaiosha na dizeli akaikagua kwenye jua muda mrefu, Mungu alinisaidia ilikuwa bado nzima. Akaangalia na flenji pale mdomo wa sili unapokaa, maana ikichimbika mfereji hata sili mpya itavuja, yangu ilikuwa na mkwaruzo mdogo akausugua na msasa laini. Sili akaipaka grisi mdomoni, akaigonga taratibu mzunguko mzima isiingie upande. Halafu kukaza sasa! Anakaza kidogo, anazungusha flenji mara kadhaa, anafunga uzi kwenye flenji na kuuvuta kwa mizani ya kuning'iniza, hii hii wanayopimia samaki hapa kwetu, anasoma ni nguvu kiasi gani inayoizungusha, anakaza tena kidogo. Alirudia hivyo labda mara kumi na hakukasirika.

Kitu cha mwisho ndicho kilichonishtua. Juu ya ekseli kuna kakofia kadogo ka kupumulia difu, kangu kalikuwa kameziba na matope makavu kabisa. Difu ikipata moto hewa ndani inapanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kupitia kwenye sili. Kwa hiyo hata wale wa kwanza wangefunga vizuri bado ingevuja tu. Na oili usimwage kabla ya kufungua nati ya kujazia, mzee anasema amewahi kuona gari limemwagwa oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka.

Kazi alinichaji 80,000, siku mbili. Sili ya original naipa nyota 5, mzee 5, gereji ya kwanza 1. Sasa ni mwezi wa tano tangu mzee aifunge, nimepanda Kapchorwa na mzigo sijui mara ngapi, mlio umeisha, na jana niliingia chini nikapitisha kidole kwenye pua ya difu, kikatoka na vumbi kavu.