Kigezo cha muda: Go au Rust?
Go na Rust ni lugha za programu; hapa nalinganisha zinavyopokea kigezo cha muda, yaani thamani ya muda unayoipa function. Ukiandika time.Sleep(5) (amri ya kulala) kwenye Go, kompaila inapokea bila kulalamika, kumbe programu italala nanosekunde 5 tu. Sababu: time.Duration ni int64 inayohesabu nanosekunde, na namba tupu uliyoiandika inageuzwa kimyakimya kuwa aina hiyo. Kibaya zaidi ni kuzidisha mara mbili: Duration iitwayo d ambayo tayari ni sekunde 5, ukiizidisha kwa time.Second, inakuwa kama miaka 158!

Rust inakukatalia mapema. thread::sleep(5) haipiti, lazima uandike Duration::from_secs(5), kipimo kikionekana palepale. Kwa kigezo cha muda, mimi nachagua Rust. Ila Duration yake haiwi hasi: ukitoa muda mrefu kwenye mfupi, programu inaanguka, kwa hiyo tumia checked_sub (inarudisha None badala ya kuanguka) au saturating_sub (inaishia sifuri). Go inaruhusu hasi.