Unataka pikapu ipande mlima? Angalia kwanza mdomo wa bomba la hewa

Mwezi wa saba nilinunua chujio la hewa la koni pale soko la Sido Mwanjelwa hapa Mbeya, lile jekundu la kitambaa chenye mafuta, 85,000, muuzaji akaniapia kabisa kwamba gari itapanda kama imeshusha mzigo. Hilux yangu ni ya 2008, injini ya dizeli ya D4D ya lita 3.0, inabeba viazi kutoka Kikondo kushuka Uyole, na kiangazi vumbi la njia ile ni kama unga wa sembe, ukifika nyumbani unalipangusa hadi kwenye kope. Tukafunga wenyewe uani mimi na mdogo wangu, spana namba 10 na bisibisi, nusu saa tumemaliza, gari ikawa inavuma vizuri tukafurahi sana. Miezi miwili mbele tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, ikaanza kupiga mluzi, moshi wa bluu, mafuta ya injini yanapungua. Fundi alipoifungua akanipa niangalie mwenyewe, vile visu vya feni ncha zote zimelika kama jembe lililolima kwenye kokoto.

Sababu ni ndogo mno. Mdomo wa koni ulikuwa mpana kuliko bomba, sisi tukazungushia kipande cha mpira wa tyubu tukakaza klipu, kwa nje inaonekana imeshika lakini kwa chini palibaki upenyo wa kuingia ukucha, basi. Tabo ya mtumba 900,000.

Kwa hiyo mkiniuliza mnunue nini sitaongelea nguvu za farasi wala mlio, hayo kila muuzaji atawaambia. Mimi naangalia kitu kimoja, hewa isiyochujwa inaweza kupenya wapi. Kati ya chujio na tabo hewa inavutwa, tundu lolote hapo linanyonya vumbi kimya kimya na gari haikuonyeshi dalili mpaka imeshaumia. Baada ya tabo hewa inasukumwa, tundu la huko linatoa hewa nje, utaona moshi mweusi na gari inakosa nguvu, angalau huko unajua. Ukishafunga kitu chochote kipya tembea wiki moja, kisha fungua bomba baada ya chujio upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na udongo, usiwashe gari tena mpaka ujue unapita wapi. Paka grisi nyembamba pale mpira unapokaa, vumbi litanata na kukuchorea njia yake.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni chujio la Donaldson la karatasi ndani ya boksi lile lile la Toyota, na hosi mpya na klipu mpya. Hii kampuni ya Marekani ilianza 1915 kwa sababu ya trekta lililokuwa linauawa na vumbi shambani, yaani vumbi ndiyo kazi yao tangu mwanzo. Niliagiza Dar ikaja kwa basi. Mpira wake wa pembeni ni laini, ukifunga boksi unausikia unakaa. Mwenye hela aongeze snokeli ya Safari, lile bomba la kuvuta hewa kutoka juu usawa wa paa, ila viungo vyake vipake silikoni mwenyewe usimwachie mtu.

Namba mbili ni intakula kubwa ya mbele, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, maana ile ya kiwandani imekaa juu ya injini na ukipanda taratibu na mzigo, mfano mlima Kitonga, inapikwa na joto la injini yenyewe. Lakini hosi zake hesabuni viungo, kila kiungo ni klipu, na klipu za bati nyembamba zinaachia. Egzosti ya inchi 3 ni namba tatu, haina madhara sana.

Chipu, kile kifaa cha umeme cha kuongeza dizeli kwenye injini, naiweka nyuma kabisa na najua wengi mtanuna. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu karibu moja ya tano kuliko Dar, kwa hiyo tabo ya huku inazunguka kwa kasi zaidi ili tu ifikie kiwango kile kile cha hewa. Ukiongeza dizeli kwa chipu ni kama unamsukuma mtu ambaye tayari anakimbia, joto la egzosti linapanda, na hii injini ya 3.0 inajulikana kwa pistoni kupasuka. Kama washa za shaba zinazoziba chini ya nozeli za dizeli hujawahi kubadilisha, hela ya chipu ipeleke huko kwanza.

Koni za bei rahisi na zile feni za plastiki za kuingiza hewa, acheni.

Sasa hawa wauzaji. Nilirudi na koni mkononi na kile kipande cha tyubu nikamwonyesha, akasema mama gari yako ndiyo mbovu, na risiti imeandikwa ikitoka hairudi. Mdogo wangu alikuwa ameulizia koni hiyo hiyo wiki iliyotangulia akatajiwa 60,000. Mimi mwanamke nikatajiwa 85,000 na kuulizwa nani kakutuma. Na maboksi ya jenuini yanachapishwa upya, kuna moja nililishika Toyota imeandikwa kwa wino unaotoka na mate.

Siku hizi naenda na bomba langu la zamani kwenye mfuko pamoja na rula, navalisha hapo hapo kaunta. Duka la kwanza wakaniambia nunua kwanza ndiyo upime, nikatoka. La tatu kijana akaniletea kiti na tochi, tukajaribu hosi nne mpaka moja ikakaa.