Tairi za pikipiki: tyubu au tyublesi (isiyo na tyubu ndani) kwa raidi ya lanchi njia za vumbi?

Ubishi huu hauishi kila kundi likipanga kwenda kula mchana mbali na lami. Mi naona inategemea tu.

Kwenye pancha ya msumari tyublesi inashinda kwa mbali. Hewa mara nyingi inatoka polepole unapata muda wa kusimama vizuri, tena hufungui gurudumu, unachomoa msumari, unasafisha tundu, unasokomeza ule uzi wa mpira wenye gundi, unajaza upepo, mnaendelea. Mwenye tyubu ndo kwanza anatafuta spana ya ekseli, halafu aibandue tairi kwa vile vyuma vya kubandulia bila kuitoboa tyubu mpya (hapa ndo wengi wanalia), na kundi zima liko juani linamsubiri.

Mawe sasa. Ringi ikibonyea ukingoni tyublesi inakosa pa kushikia, upepo hausimami, wakati mwenye tyubu anaweza akafika hivyo hivyo. Ila naye akipunguza upepo sana atafute gripu, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi, inatoka na matundu mawili.

Bei? Tyubu na viraka ni rahisi, na ringi nyingi za spoku zinataka tyubu tu, kuzibadili ni hela.

Njia yenu ikiwa vumbi laini na vipande vya lami, tyublesi na pampu ndogo. Ikiwa mawe matupu na pikipiki nyepesi, baki na tyubu, ila beba ya mbele na ya nyuma.