Uzoefu Wangu na VoLTE, Huduma Iliyomaliza Tatizo la Intaneti Kukatika Ninapozungumza na Simu

Kazi yangu hunilazimu kuzungumza na mteja huku nikisoma nyaraka alizonitumia, na mara nyingi kompyuta yangu hupata intaneti kutoka kwenye simu hiyohiyo ninayozungumzia. Kwa muda mrefu mambo hayo mawili hayakuwezekana kwa pamoja. Simu ilipoanza tu kuita, ukurasa uliokuwa ukifunguka uliganda, ujumbe wa WhatsApp ulibaki na alama ya saa, na kompyuta iliendelea kudai kwamba imeunganishwa ingawa hakuna kilichokuwa kikipita. Maongezi yalipokwisha, kila kitu kilirejea baada ya muda mfupi. Lililonikera zaidi ni kwamba hata simu ambayo sikuipokea ilitosha kuvuruga kazi: nikiwa katika maongezi ya WhatsApp, mtu mwingine akinipigia kwa njia ya kawaida, sauti ya yule wa kwanza ilipotea kabla sijaamua kama nitapokea au la.

Huduma iliyonitatulia tatizo hilo ni VoLTE, yaani kupiga na kupokea simu za kawaida ndani ya mtandao wa 4G wenyewe. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kuitolea hukumu, na ninaisifu kwa moyo mweupe, ingawa nina lawama kwa namna inavyowafikia wateja.

Kabla ya kuifikia nilipewa kila ushauri unaotolewa katika hali kama hii. Wahudumu wa kampuni yangu ya simu walinitaka nizime simu na kuiwasha, nichomoe laini na kuirudisha, niweke hali ya ndegeni kisha niiondoe, nifute mipangilio yote ya mtandao, niandike upya mipangilio ya intaneti waliyonitumia, na hatimaye ninunue bando kubwa zaidi. Nilifuata yote na hakuna kilichobadilika. Ushauri huo unafaa pale ambapo intaneti haipatikani kabisa au inakatika ovyo bila mpangilio. Intaneti inayofanya kazi vizuri siku nzima, ikazimika tu simu inapoita na kurudi maongezi yanapokwisha, ina chanzo kingine kabisa, na nasikitika kwamba watu wengi hufuta mipangilio yao, wakapoteza nywila zote za Wi-Fi walizokuwa wamehifadhi, kwa ajili ya jambo ambalo kufuta huko hakuwezi kuligusa.

Kilichonifumbua macho ni alama ndogo iliyo juu ya kioo cha simu, kando ya vipimo vya nguvu ya mtandao. Kabla ya kupiga ilisomeka 4G. Simu ilipoanza kuita iligeuka kuwa E, alama ya mtandao wa zamani wa 2G. Na maongezi yalipokwisha ilikaa kwenye E kwa sekunde kadhaa ndipo ikarudi 4G. Ningependa kila mwenye tatizo hili aanze na kipimo hiki, kwa kuwa hakihitaji programu wala fundi: mwombe mtu akupigie, kisha uitazame alama hiyo. Ikihama, umekwishapata jibu la nusu ya swali lako.

Sababu ya kuhama huko imo katika jinsi 4G ilivyobuniwa. Mitandao ya 2G na 3G ilikuwa na upande wa sauti, ambao hutengea kila simu njia yake tangu mwanzo wa maongezi hadi mwisho, na upande wa data. LTE, teknolojia inayobeba 4G, ambayo toleo lake la kwanza la viwango lilikamilishwa mwaka 2008 na huduma yake ya kwanza ya kibiashara ikafunguliwa Stockholm na Oslo mwezi Desemba 2009, haikupewa upande wa sauti wa namna hiyo. Ni mtandao wa data peke yake. Ili wateja waendelee kupigiana simu, ilitumika mbinu ya kuirudisha simu kwenye mtandao wa zamani kila inapotakiwa kupiga au kupokea, kisha kuiachia irejee 4G baadaye. Kwa sababu simu hulazimika kuhama kabla ya kuita, hata simu usiyoipokea hukuondoa 4G. Na hii ndiyo sababu pia anayekupigia husikia kimya cha sekunde kadhaa kabla ya mlio wa kuita.

Hapo ndipo hatima ya intaneti yako inapoamuliwa. Simu ikishukia 3G, sauti na data huweza kwenda pamoja, na utaona tu kwamba kasi imepungua; watu wengi waliishi hivyo miaka mingi bila kujua kwamba simu zao zinahama. Ikishukia 2G, simu nyingi husimamisha data hadi maongezi yaishe, kwa kuwa hazikutengenezwa kuendesha mambo hayo mawili kwa wakati mmoja katika mtandao huo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na simu ileile, laini ileile na bando lilelile, akapata intaneti wakati wa maongezi akiwa kazini na kuikosa akiwa nyumbani, kwa sababu tu mnara wa karibu una 3G katika eneo moja na hauna katika jingine.

Naona jambo hili litawagusa watu wengi zaidi kila 3G inapozidi kuzimwa. Kampuni za simu zinahitaji masafa yake ya redio kwa ajili ya 4G na 5G, na katika nchi kadhaa 3G imefungwa huku 2G ikiachwa hai. Ujerumani, kwa mfano, ilizima mitandao yake ya 3G mwaka 2021 na kubakiza 2G. Mteja asiye na VoLTE katika mazingira hayo hana pa kushukia ila 2G, na intaneti iliyokuwa ikipungua kasi tu wakati wa simu huanza kukatika kabisa, ilhali yeye hajagusa chochote kwenye simu yake.

VoLTE huondoa haja ya kuhama. Sauti hubadilishwa kuwa data na kupitishwa ndani ya 4G kwa njia yake yenye kipaumbele, na intaneti huendelea kando yake. Huduma hii si ngeni: kampuni za kwanza ziliifungua Marekani na Korea Kusini mwezi Agosti 2012, na iPhone zimekuwa nayo tangu iPhone 6 ya mwaka 2014. Hata hivyo huhitaji mambo matatu yakutane: kampuni ya simu iwe nayo, simu yako iwe na uwezo huo na itambuliwe na kampuni hiyohiyo, na laini yako iwe imeandikishwa kuitumia. Likikosekana moja, mengine mawili hayana faida.

Kwenye simu yangu ya Android, kitufe cha kuiwasha kilikuwa ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu, chini ya laini ninayoitumia, kikiwa kimeandikwa simu za 4G; watengenezaji wengine hukiandika VoLTE, na kwenye iPhone nyingi kimo katika machaguo ya data ya simu, sehemu ya sauti na data. Kitufe kilikuwa kimewashwa tayari na intaneti bado ilikuwa ikikatika. Niliandika *#*#4636#*#* kwenye sehemu ya kupigia simu, msimbo ambao katika simu nyingi za Android hufungua ukurasa wa taarifa za mtandao, na huko hali ya huduma ya IMS, ambayo ndiyo mfumo unaobeba VoLTE, ilionyesha kwamba sauti kupitia LTE haipatikani. Simu ilikuwa tayari, mtandao ulikuwa tayari, laini yangu ndiyo iliyokuwa haijaandikishwa.

Lawama yangu iko hapa. Nilipoirudia huduma kwa wateja nikiwa na taarifa hiyo, mhudumu wa kwanza hakulifahamu neno VoLTE na akaanza tena kunisomea hatua za kuzima na kuwasha. Niliomba suala langu lipelekwe kwa watu wa ufundi, nikaeleza kwamba nataka VoLTE iwashwe kwenye laini yangu kutoka upande wao, nikawatajia aina ya simu na toleo la programu yake. Jambo likaisha kwa ujumbe mfupi na kuzima simu mara moja. Sioni kwa nini mteja alazimike kujifunza lugha ya mafundi ili apate huduma ambayo kampuni imekwisha kuijenga na ambayo inapunguza msongamano kwenye mitandao yake ya zamani. Kama utakwenda kuomba, usiseme kwamba intaneti inakatika, kwa kuwa utarudishiwa ushauri uleule; sema kwamba simu yako inashuka kutoka 4G inapoita na kwamba unataka VoLTE iandikishwe kwenye laini yako.

Tangu hapo alama ya 4G haitikisiki ninapopiga. Nafungua nyaraka mteja akiwa hewani, kompyuta inaendelea kupata intaneti, na simu huita karibu mara tu ninapobonyeza. Sauti nayo imekuwa bora kwa kiwango ambacho sikukitegemea. Maongezi ya mitandao ya zamani kwa kawaida hubeba sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3400, ilhali VoLTE huweza kubeba kati ya hezi 50 na 7000, na tofauti hiyo husikika zaidi katika herufi kama s na f, ambazo zamani zilinilazimu kumwomba mtu arudie jina au namba. Ubora huo hupatikana pale tu mtu wa upande wa pili naye anapotumia huduma ya namna hiyo; akiwa kwenye 2G, utamsikia kama zamani, lakini intaneti yako wewe haitakatika. Kwa kampuni yangu, maongezi hayo hukatwa kwenye dakika za kawaida na bando halipungui.

Wenye simu za laini mbili wana jambo la ziada la kuangalia, kwa kuwa nililikuta mimi pia. Simu nyingi za namna hiyo hutumia kifaa kimoja cha redio kwa zamu kati ya laini zote mbili, na data ikiwa kwenye laini ya kwanza huku simu ikiingia kwenye ya pili, data ya kwanza husimama hata kama VoLTE imewashwa kote. Simu mpya zina mpangilio unaoruhusu data ihamie kwa muda kwenye laini inayozungumza. Niliuwasha na ukafanya kazi, mradi laini hiyo ya pili nayo iwe na bando. Usipokuwa nalo, ni afadhali uweke data kwenye laini ambayo watu hukupigia zaidi.

VoLTE pia haiwezi kupita uwezo wa minara. Ninapoingia mahali ambapo 4G ni hafifu, maongezi hukabidhiwa mtandao wa zamani bila kukatika na intaneti hushuka pamoja nayo. Ndani ya majengo ya namna hiyo natumia simu kupitia Wi-Fi, huduma ndugu ya VoLTE inayowashwa karibu na kitufe kilekile. Hata walio na 5G hawaepuki suala hili, kwa kuwa mitandao mingi ya 5G bado huirudisha simu 4G kwa ajili ya sauti, na bila VoLTE huko nako itaendelea kushuka.

Kwa yule ambaye simu yake haitambuliwi na kampuni yake, jambo linalowapata hasa walionunua simu zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine, kuna njia niliyoitumia kabla laini yangu haijaandikishwa: chagua 3G kuwa mtandao unaopendelewa kabla ya maongezi marefu, ikiwa 3G bado iko hewani ulipo. Kasi ni ndogo, lakini nyaraka hufunguka. Halafu sakinisha masasisho ya mfumo wa simu kila yanapotoka, kwa maana utambulisho wa kampuni mpya mara nyingi huletwa na masasisho hayo.

Huduma yenyewe naipa nyota tano. Namna ilivyonifikia naipa mbili, na nitaibadilisha alama hiyo siku kampuni itakapoziandikisha laini zote zenye simu zinazofaa bila kusubiri mteja alalamike, na kuchapisha orodha kamili ya simu inazozitambua mahali ambapo mtu anaweza kuisoma kabla ya kununua.