Kijiko chenye nyundo, Bangwe: nilicholipa na nilichopata

Kiwanja changu kiko Bangwe, hapa Kigoma, upande ule unaopanda. Ukisimama juu kabisa siku hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikinunue. Mwamba uliokuwa chini ya udongo hakuna dalali aliyenitajia.

Mimi nauza dagaa Kibirizi, uhandisi siujui. Lakini tangu mwezi wa saba kila anayepita pale kwangu ananiuliza, "Mama, ule mtambo wa kuvunja mwamba uliukodi kwa nani, na ulikufaa?" Jibu lake ni refu, siwezi kulitoa huku napima dagaa, kwa hiyo naliandika hapa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuukata mteremko nipate uwanja wa mita 14 kwa 12. Mbele ni kusawazisha tu, nyuma unaingia mlimani kama mita 3. Fundi wangu alipiga hesabu akapata mita za ujazo 250 hivi. Juu kote kuna udongo mwekundu wa kina cha mita moja, laini kabisa, na udongo huo ndio ulionidanganya. Nikakodi kijiko cha matairi, ile mashine yenye bakuli mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, kwa sababu bei yake ni nafuu na hakihitaji trela kukileta, kinakuja chenyewe barabarani. Udongo uliuondoa vizuri, sina lawama. Siku ya pili meno yakagusa mwamba, mashine ikawa inajiinua yenyewe badala ya kuinua jiwe. Yule kijana akazima injini akashuka. "Mama, hapa nakula hela yako tu." Mungu ambariki, wengine wangeendelea kukwaruza mpaka jioni.

Ningechimba shimo moja tu la majaribio kule nyuma, vibarua wawili na sururu kwa siku moja, ningejua haya kabla sijalipa hata shilingi.

Basi nikaanza kuuliza watu. Baruti iliondoka mapema: inataka kibali na mtu mwenye leseni ya kulipua, na mimi nina jirani ambaye ukuta wake uko mita 4 kutoka mpaka wangu. Kuna unga wa kupasulia mwamba, unakorogwa na maji, unamiminwa kwenye matundu, unavimba taratibu na jiwe linapasuka bila kelele. Ni kitu kizuri, ila lazima uwe na kompresa ya kutobolea matundu hayo, na unga wenyewe ningeuagiza Dar es Salaam. Mtu mwingine akanishauri katapila lenye jino la kupasulia nyuma. Katapila linahitaji nafasi ya kukimbia na kugeuka, kazi yake ni barabarani. Kwenye kiwanja changu lingegeukia ziwani.

Zikabaki njia mbili: mzee mpasua mawe, au kijiko cha tani 20 kilichofungwa nyundo ya kuvunjia mwamba mahali pa bakuli.

Mzee alikuja na mtaimbo wake, akauzunguka mwamba, akagonga hapa na pale akisikiliza, halafu akasema maneno ambayo baadaye yaliniokolea fedha: "Mwamba huu ni wa mikate, tabaka juu ya tabaka, na mikate yake imelalia ziwani. Ukiupiga kichwani utachoka wewe. Uanzie ukingoni." Nilimuuliza kuhusu kuuchoma moto, maana nimeona watu wakichoma matairi juu ya jiwe kisha wanamwaga maji ya baridi. Akasema moto unafanya kazi, ngozi ya jiwe inavimba kwa joto huku ndani kukiwa bado baridi, inabanduka. Ila kila mara unabandua kipande chembamba tu, na moshi wa matairi yeye hautaki kifuani mwake. Kwa mita za ujazo 110 za mwamba tulizokuwa tumebakiwa nazo, alinihesabia miezi. Nikaenda kwenye nyundo.

Mwenye mtambo simtaji. Bei yake ilikuwa shilingi 150,000 kwa saa, mafuta juu yake yeye, na 600,000 za trela la kuuleta na kuurudisha. Mwanzoni alitaka tupatane kwa siku. Nilikataa kwa sababu nimezoea wenye mitumbwi: anayelipwa kwa siku huona jua limezama mapema. Tukaandikiana kwamba nalipa kwa saa ya injini, ile inayohesabu ndani ya kabini. Asubuhi naipiga picha, jioni naipiga picha. (Nayo ina hila yake: inahesabu hata injini ikinguruma bure opareta akinywa chai. Kuwa pale.)

Mtambo ulichelewa siku nzima. Ulipofika, opareta kijana akaupandisha moja kwa moja hadi katikati ya mwamba, akasimika tindo la nyundo, ule mchi wa chuma unaopiga jiwe, akaanza kutwanga mahali pale pale. Dakika nzima, dakika mbili. Vumbi, harufu ya chuma kilichoungua, na shimo la kutosha kuwekea sufuria. Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, hakusema kitu, akanitazama tu.

Baadaye nilielezwa, na sasa naweza kumfundisha mtu: nusu dakika ikipita jiwe halijapasuka, tindo lihamishwe, vinginevyo ncha inapata moto inalegea. Jiwe likipasuka, aache hapo hapo, maana nyundo ikipiga hewa inajiumiza yenyewe. Tindo si mtaimbo, lisitumike kubenua. Na girisi ni kila baada ya saa mbili hivi, tindo likiwa limekandamizwa juu. Kijana wetu aliweka girisi asubuhi, ikawa imetoka hiyo. Saa sita mchana mpira wa haidroliki, ule unaopitisha oili ya kuendeshea nyundo, ukapasuka, oili ikamwagika kwenye udongo wangu mwekundu, kazi ikalala. Jioni mwenye mtambo ananipigia: "Dada, leo tunahesabu siku moja." Nikamtumia picha zangu. Injini ilikuwa imefanya kazi saa tatu na nusu tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya."

Kesho yake alimleta opareta mwingine, mtu mzima kutoka Kasulu. Huyu hakuwasha kwanza. Alishuka, akamwamkia mzee, wakauzunguka mwamba pamoja wakiongea Kiha, mzee anaonyesha kwa mtaimbo. Alipopanda alianzia ukingoni, chini, kwenye uso ulio wazi, hatua ndogo kutoka pembeni. Pigo la tano au la sita bamba likashuka zima, kama mkate unaotolewa kwenye tanuri. Akasogea. Lingine. Nyundo za namna hii zimeanza kutumika miaka ya 1960 tu, na reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kabla hazijakuwepo. Nikimtazama nilikuwa nawaza mikono iliyofanya kazi kabla yake.

Hakuwa anabadili nyundo na bakuli ovyo, kwa sababu kila badiliko linakula karibu nusu saa. Anavunja nusu siku, ndipo anafunga bakuli na kupakia. Mwamba wote uliisha kwa saa 19. Pamoja na zile za siku ya kwanza, nimelipa 3,375,000, na trela juu yake.

Jambo moja fundi alinionya na sikulielewa mpaka nilipoliona: udongo ukichimbwa unavimba kama robo, mwamba ukivunjwa unavimba kama nusu. Mita zangu 250 ziligeuka karibu 340. Kama ningetoa vyote, zingekuwa tripu 34 za tipa kubwa. Mawe mengi niliyabakiza kwa ajili ya ukuta wa kuzuia mlima, zikawa tripu 21. Mwenye tipa alikuwa mtu wa kazi, sina la ziada.

Upande wa jirani sikuruhusu nyundo. Pale mtetemo unasafiri, na tindo huvunja kupita mstari. Mtaro wa upande huo mzee aliukata kwa kabari na nyundo ya mkono, siku sita, kingo zimenyooka utadhani zimekatwa kwa msumeno. Ukuta wa jirani haujapata ufa hata mmoja.

Mkitaka alama: mtambo naupa tatu kwa tano, kwa sababu ya ule mpira na nyundo iliyokuwa ikivuja oili hata siku nzuri. Mwenye mtambo, mbili. Opareta wa Kasulu, tano, na mzee wangu tano.

Wiki iliyopita mwenye mtambo alinipigia, amesikia nataka kuchimba shimo la tangi la maji. Nikamuuliza yule mtu wa Kasulu bado yupo. "Ameondoka dada, yuko kwenye reli mpya huko." Nikamwambia mzee keshaanza.