Piano Kubwa za Kuundwa kwa Mkono: Ipi Uitangulize, Ipi Uiache Ukumbini

Muuzaji atakusifia rangi inavyong'aa. Wewe kaa, bonyeza noti moja taratibu hadi uhisi kikwazo kidogo karibu na mwisho, kisha irudie upesi bila kukiacha kibonye kiinuke hadi juu. Piano kubwa (grand, ile iliyolala) iliyo nzima itaitika kila mara. Ufundi huo wa kurudia noti upesi aliubuni Sébastien Érard, mtengeneza piano wa Paris, mwaka 1821. Isipoitika, irekebishwe kwanza ndipo mzungumze bei.

Kwa nyumba ya pwani, naitanguliza Shigeru Kawai SK-2 ya Japani, urefu sm 180. Vipande vingi vinavyorusha nyundo za kugonga waya ni vya plastiki ngumu iliyochanganywa na kaboni, kwa hiyo masika yakiingia havivimbi. Mbao zikivimba hapo, kibonye huwa kizito au hukwama chini, na fundi wa kazi hiyo hapatikani kila mtaa. Ila ubao wa sauti, ule unaokuza mlio wa waya, bado ni mti, hivyo mashine ya kukausha hewa nunua tu.

Fazioli F183, ya Sacile, Italia, naipa nafasi ya pili kwa sababu ya bei peke yake. Sauti yake ni safi mno, hata noti za chini hazivurugiki. Mwenye uwezo aipandishe ya kwanza.

Steinway O ya Hamburg ni ya tatu. Nzuri, lakini jina nalo unalilipia.

Blüthner ya Leipzig ina waya wa nne kwenye noti za juu, juu ya ile mitatu ya kawaida. Nyundo haiugusi, unavuma wenyewe kwa kuitikia wenzake. Utamu huo unamwongezea fundi kazi siku ya kupanga sauti.

Bösendorfer Imperial, sm 290 na vibonye 97 badala ya 88, iacheni ukumbini. Stuart & Sons wa Australia walifikisha 108 mwaka 2018. Hongera zao, ila sebuleni utavipiga lini?

Ubunifu ninaoona unastahili pesa ni vibonye vyembamba. Oktava ya kawaida, yaani upana wa vibonye saba vyeupe, ina sm 16.5 hivi, zipo za sm 15.2 na 14 kwa wenye viganja vidogo. Uliza kabla ya kuagiza.

Ukivutiwa na piano kuukuu, kagua vibonye vyeupe. Vyenye mistari laini kama ya mbao huenda ni pembe za ndovu. Nyingi zilisafirishwa kutoka Zanzibar hadi viwanda vya Connecticut, Marekani, na leo bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mzigo wako unaweza kuzuiwa bandarini.