Uzoefu wangu: mihadhara na sanaa ya Africana pale Cornell

Ukiishi Ithaca au miji ya jirani, kule kaskazini mwa jimbo la New York, usidhani mihadhara ya chuo kikuu ni ya wanafunzi na maprofesa peke yao. Kituo cha Africana cha Chuo Kikuu cha Cornell, yaani cha masomo ya Afrika na watu wenye asili yake, huwakaribisha watu wote, na mihadhara yake mingi haina kiingilio. Kazi yangu mimi ni kuhudumia wazee majumbani. Kila nikiwa nje ya zamu na kuna mgeni anayezungumza, huenda. Nakipa nyota tano bila kusita.

Kituo chenyewe kilipiganiwa. Tarehe 19 Aprili 1969 wanafunzi Weusi waliliteka jengo la Willard Straight Hall, wakakaa humo kwa takriban saa 36, na elimu inayowahusu watu wao ilikuwa kiini cha mapambano yao. Mwaka huohuo kituo kikafunguliwa chini ya James Turner, mkurugenzi wake wa kwanza. Hakijatimiza hata mwaka, tarehe 1 Aprili 1970, jengo lake likachomwa moto kwa makusudi, vitabu na nyaraka zikateketea. Leo kiko barabara ya Triphammer, na ndani yake kuna maktaba yenye jina la mwanahistoria John Henrik Clarke. Nimewahi kuketi karibu na wazee wa mjini wanaoikumbuka miaka ile, na wakianza kuuliza maswali unajua mara moja kwamba hawakuja kupoteza muda.

Kwangu mimi, utamu wote uko kwenye maswali. Siku moja mada ilikuwa biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Wengi ukumbini walizijua vizuri meli za Atlantiki, lakini habari za Kilwa, Zanzibar na Uarabuni zilikuwa mpya kwao. Mama mmoja mwenye mvi akasimama akauliza: wajukuu wa waliopelekwa Omani na Ghuba, leo wanajitambua kama nani? Mzungumzaji hakukimbilia kujibu. Akatuuliza sisi kwanza. Nami niliyekulia Bagamoyo nikanyoosha mkono, nikaeleza habari za Caravan Serai, kituo cha kale cha misafara, na za misafara ya pembe za ndovu, na wapagazi waliotembea miezi kutoka bara. Watu waligeuka kunisikiliza. Baadaye yule mama alinifuata kwenye meza ya vitafunwa, tukazungumza mpaka taa zikaanza kuzimwa. Hakuna darasa lililowahi kunipa heshima ile.

Nalinganisha na chuo kingine ambacho sitakitaja, ambako mzungumzaji alisoma karatasi yake mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho, kisha maswali yakapewa dakika chache za mwisho. Nilitoka na usingizi.

Upande wa sanaa nao umeiva. Mmoja wa walimu waliofundisha kituoni ni Salah Hassan, mwanahistoria wa sanaa kutoka Sudan, aliyeshirikiana na Okwui Enwezor na Olu Oguibe kuanzisha Nka, jarida la sanaa ya Afrika ya kisasa, mwaka 1994. Kwa hiyo hapa michoro na picha zinajadiliwa kwa uzito uleule wa siasa na historia. Ukimaliza mhadhara, siku nyingine pita Makumbusho ya Johnson, jengo lililobuniwa na msanifu I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1973. Kuingia ni bure, na ukiwa ghorofa za juu unaliona ziwa Cayuga limelala chini yako. Mwenye gari aende pia Syracuse, mwendo wa saa moja na ushei, kwenye Community Folk Art Center. Kituo hicho cha sanaa cha tangu 1972 kina uhusiano na idara ya masomo ya Wamarekani Weusi ya chuo kikuu cha huko, idara ambayo Micere Githae Mugo wetu, mwandishi kutoka Kenya, alifundisha miaka mingi.

Kwa Waswahili kuna sababu ya ziada. Kiswahili kinafundishwa Africana, na tuzo ya uandishi wa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 na Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree ilianza kwa jina la Mabati-Cornell. Ukisema pale kwamba lugha yako ni Kiswahili, hakuna atakayekuuliza hiyo ni lugha ya wapi.

Mambo ya kujipanga: mihadhara ya vyuo vya huku mara nyingi huanza alasiri, kama saa kumi na nusu, basi omba kubadilishana zamu mapema. Msimu ni kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Desemba mwanzoni, halafu Januari hadi Mei. Januari na Februari baridi ni kali na njia zina barafu, vaeni viatu vya maana. Kama Kiingereza cha kitaalamu kinakutisha, tafuta kwanza mahojiano ya mzungumzaji kwenye intaneti, umsikilize anavyoongea kawaida. Na ukifika, kaa mbele.